Ujirani wa Seli katika Kongosho

  

Nimekuja na shabaha moja. Nataka kuwaonyesha kwamba mtu hawezi kulielewa kongosho kwa kuorodhesha seli zake na kutaja kila moja inatoa nini. Kazi ya kiungo hiki inategemea nani amekaa jirani na nani, na nani anamsikia nani. Vitabu vya shule vinatufundisha kwamba kisukari ni upungufu wa insulini. Ni kweli, lakini maelezo hayo yameishia njiani, na leo naomba tuendelee nayo mbele kidogo.

Aliyewahi kumpasua mbuzi tumbo ameshaliona kongosho, hata kama hakulijua jina: nyama laini ya rangi ya waridi iliyopauka, yenye punjepunje, imejilaza nyuma ya tumbo. Kwa binadamu mzima lina urefu wa sentimita 15 hivi, na uzito wake kwa kawaida haufiki gramu 100 au unazizidi kidogo tu. Kichwa chake kimekumbatiwa na sehemu ya kwanza ya utumbo mwembamba, iitwayo duodeni. Mkia wake unaugusa wengu. Kwa kuwa limejificha huko nyuma, daktari hawezi kulipapasa kwa mkono, na maradhi yake mengi hugunduliwa yakiwa yameshakomaa.

Hoja ya kwanza: kongosho moja lina kazi mbili, na kazi hizo zinahitajiana.

Sehemu kubwa mno ya kongosho, zaidi ya asilimia 95, ni seli za kusaga chakula pamoja na mifereji yake. Seli hizi zimejipanga duara, ncha zake zikielekea kijitundu cha katikati. Humo humwaga vimeng'enya, kisha mifereji myembamba huungana na mipana hadi utumboni. Kwa siku hutoka lita moja na zaidi ya maji yenye vimeng'enya hivyo. Mwanasayansi George Palade alizichunguza seli hizi kwa hadubini ya elektroni, akafuatilia hatua kwa hatua jinsi protini inavyotengenezwa, inavyofungwa ndani ya vifuko na kutolewa nje. Kazi hiyo ilimpatia sehemu ya Tuzo ya Nobel ya mwaka 1974, na leo mwanafunzi yeyote wa baiolojia anasoma njia ile aliyoichora kutokana na kongosho.

Kimeng'enya kinachokata nyama kinaweza pia kuikata nyama ya kongosho lenyewe. Kwa hiyo vimeng'enya vya kukata protini hutengenezwa vikiwa vimelala. Kimoja kinaitwa tripsinojeni. Huamka na kuwa tripsini kikishafika duodeni, ambako kimeng'enya kingine kilichoko kwenye ukuta wa utumbo hukikata kipande. Tripsini ikiamka mapema, kongosho huanza kujila. Ndiyo yale maumivu makali ya juu ya tumbo yanayopenya hadi mgongoni, ambayo madaktari waliopo hapa wanajua kwamba mara nyingi huletwa na vijiwe vya nyongo au pombe.

Sasa, seli hizi zinajuaje kwamba chakula kimefika? Hadi mwishoni mwa karne ya 19, maabara ya Pavlov huko Urusi ilikuwa imewaaminisha wengi kwamba amri yote hupita katika neva. Mnamo Januari 1902, jijini London, William Bayliss na Ernest Starling walimchukua mbwa, wakakata neva zote zinazokwenda kwenye kipande cha utumbo wake, kisha wakatia asidi ndani ya kipande hicho. Kongosho likatoa maji yake kama kawaida. Ujumbe ulikuwa umepita katika damu. Waliuita sikretini, na mwaka 1905 Starling akaanza kutumia neno homoni. Naomba wanafunzi walikumbuke hili kwa sababu mitihani hailiulizi: homoni ya kwanza kabisa kupewa jina hilo ilikuwa ni ujumbe uliotumwa kwa kongosho.

Katikati ya seli hizo za kusaga chakula kuna visiwa vidogo vya seli za aina nyingine. Aliyeviona kwanza ni Paul Langerhans, mwanafunzi wa udaktari jijini Berlin, kijana wa miaka 21, katika tasnifu yake ya mwaka 1869. Alivieleza vizuri, akakiri kwamba hajui kazi yake. Alifariki mwaka 1888 katika kisiwa cha Madeira bila kuijua. Mwaka uliofuata, Joseph von Mering na Oskar Minkowski walimtoa mbwa kongosho huko Strasbourg, naye akapata kisukari. Baadaye Minkowski alipandikiza kipande cha kongosho chini ya ngozi ya mbwa, mbali na utumbo, bila mfereji wowote, na sukari haikupanda mpaka kipande kile kilipoondolewa. Mwaka 1893 Mfaransa Laguesse alivipa visiwa jina la Langerhans, na ndilo tunalolitumia hadi leo.

Visiwa hivi ni kama milioni moja, huenda na zaidi, kila kimoja kikiwa na upana wa sehemu moja au mbili za kumi za milimita. Ukivikusanya vyote unapata gramu moja au mbili tu. Lakini hupokea damu nyingi kuliko uzito wake unavyostahili, kama kumi kwa mia ya damu yote ya kongosho au hata zaidi. Na sehemu ya damu hiyo, ikitoka kisiwani, hupita kwanza katika seli za kusaga chakula zilizo jirani, ikiwa bado imejaa insulini ya kisiwa hicho. Ndiyo maana seli za pembezoni mwa visiwa huwa nene kuliko za mbali na zimesheheni vimeng'enya. Ndiyo maana pia watu wenye kisukari aina ya 1 huwa na kongosho dogo kuliko la wenzao, ingawa ugonjwa umeshambulia zile gramu mbili tu. Jirani akinyamaza, mtaa mzima hukonda.

Hoja ya pili: mpangilio wa seli ndani ya kisiwa una maana, na wa binadamu si wa panya.

Nitaipitia haraka. Kisiwa kina seli za beta, zinazotoa insulini ya kushusha sukari. Seli za alfa, zinazotoa glukagoni ya kuipandisha kwa kuliamuru ini liachilie akiba yake. Na seli za delta, zinazotoa somatostatini, ambayo ni breki ya zote mbili. Zipo na nyingine chache ambazo leo naziacha. Katika panya, beta hujaa katikati na alfa huzunguka pembeni. Picha hiyo iliingia katika vitabu vyote, mimi nimeifundishwa na bila shaka nanyi mmeifundishwa. Mwaka 2006 watafiti wa Miami walionyesha kwamba kisiwa cha binadamu kimechanganyika: beta ni zaidi ya nusu, alfa ni theluthi hivi, delta ni kama kumi kwa mia, nazo zimekaa bega kwa bega kandokando ya vishipa vya damu. Beta nyingi za binadamu zinagusana na alfa au delta. Kwangu mimi hili si jambo dogo. Dawa nyingi hujaribiwa kwanza kwa panya, na panya anaishi katika mtaa wa ramani nyingine.

Hoja ya tatu: seli hizi husemeshana kwa njia zaidi ya moja, na hapo ndipo penye kiini cha mhadhara wangu.

Tuichukue seli moja ya beta. Ni asubuhi, mwenyewe amekunywa chai ya maziwa na maandazi. Glukosi imeingia kwenye damu na sasa inaingia ndani ya seli kupitia mlango ambao hauhitaji ruhusa ya mtu. Ndani, kimeng'enya kiitwacho glukokinesi huidaka. Hicho ndicho kipimo cha sukari cha seli, kwa sababu kasi yake hupanda na kushuka kufuatana na kiasi cha glukosi. Glukosi inaunguzwa, nishati inaongezeka, yaani ATP. Katika utando wa seli kuna vijimlango vya potasiamu ambavyo hufungwa na ATP. Vikifungwa, umeme wa utando hubadilika. Umeme ukibadilika, milango ya kalsiamu hufunguka, kalsiamu humiminika ndani, na maelfu ya vifuko vya insulini vinavyosubiri huanza kugota kwenye utando na kumwaga shehena yake nje. Yote hayo hufanyika ndani ya dakika chache, kabla vikombe havijaoshwa.

Wauguzi wanitazame hapa kidogo. Vidonge vya glibenclamide mnavyogawa kila siku hufunga vijimlango hivyohivyo vya potasiamu, glukosi iwepo isiwepo. Ndiyo sababu mzee anayemeza kidonge halafu akaacha kula huletwa kwenu jioni akitetemeka na kutoka jasho.

Lakini seli ya beta ukiitenga na wenzake, kazi yake huharibika. Watafiti walivisambaratisha visiwa hadi seli mojamoja na kuona kwamba seli iliyobaki peke yake huitikia sukari kwa udhaifu. Zilipoachwa zikashikana tena, uwezo ukarudi. Sababu moja ni vijia vidogo sana vinavyounganisha beta na beta jirani yake, vilivyojengwa kwa protini iitwayo koneksini 36. Umeme wa seli moja hupita humo hadi kwa ya pili, na wimbi la kalsiamu hutambaa kisiwa chote. Ni kama wavuvi wanaovuta juya ufukweni: kila mmoja ana nguvu zake, wa mbele mvivu, wa nyuma mwepesi, lakini kamba inasogea pale wote wanapovuta kwa sauti moja. Matokeo yake ni kwamba insulini haitiririki mfululizo. Hutoka kwa mapigo, kila baada ya dakika tano hivi, na ini hupokea mapigo hayo moja kwa moja kutoka kwenye mshipa wa damu unaotoka kongosho na utumbo. Mpigo huu huanza kuvurugika mapema kwa watu walio njiani kupata kisukari aina ya 2, hata kabla sukari yao haijaonekana mbaya kliniki.

Je, kuna seli kiongozi inayoanzisha mpigo? Wapo wanaodai zipo chache zinazoongoza nyingine, wapo wanaopinga, wakisema kwamba kinachoonekana ni tofauti ndogondogo za kawaida tu. Ubishi unaendelea, na mimi naegemea kwa wanaopinga, maana kundi kubwa la seli zilizounganishwa linaweza kupata mwendo wa pamoja bila kuwa na kiongozi.

Njia nyingine ya kusemeshana ni homoni zenyewe, zinaponyunyiziwa jirani kabla hazijaenda mbali. Insulini ikitoka, huizuia alfa iliyo kando isitoe glukagoni. Beta hutoa pia kemikali iitwayo urokotini 3, ambayo huichochea delta; delta hujibu kwa somatostatini, nayo huirudia beta na kuipunguza kasi. Yaani beta, inapoachilia insulini, inakaribisha na breki yake yenyewe. Delta zina mikono mirefu myembamba, hivyo chache zinatosha kuzifikia nyingi.

Kuhusu alfa, hapa naomba radhi kwa walimu wenzangu, tumewafundisha wanafunzi kwamba insulini na glukagoni ni mahasimu, mmoja anapandisha na mwingine anashusha. Ndani ya kisiwa hali ni nyingine. Beta ina vipokezi vya glukagoni, na glukagoni inayotoka kwa alfa ya jirani huisaidia beta kutoa insulini vizuri zaidi. Katika panya, ukiviziba vipokezi hivyo, insulini hupungua. Tena katika visiwa vya binadamu, ambamo neva ni chache, ni alfa zinazotoa asetilikolini, kemikali ambayo kwa panya huletwa na neva, na zinaitumia kuiandaa beta kwa sukari inayokuja. Mimi natamani picha ile ya mizani yenye insulini upande huu na glukagoni upande ule ifutwe katika vitabu vya sekondari.

Njia ya tatu hutoka nje ya kisiwa. Glukosi ikinywewa, insulini hutoka nyingi kuliko glukosi ileile ikipitishwa kwenye mshipa, kwa sababu utumbo hutuma homoni zake mbele kutoa taarifa. Mojawapo ni GLP-1. Ile ya mwili hudumu dakika chache tu kwenye damu. Dawa ya kwanza ya kuiga kazi yake, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2005, ilitokana na kemikali iliyopatikana katika mate ya mjusi wa jangwa la Marekani aitwaye Gila. Sindano za kupunguza unene zinazozungumzwa sana siku hizi ni ndugu zake wa baadaye. Nawaona mnatabasamu, maswali ya bei yake mtanisamehe, mimi si mfamasia.

Hoja ya nne: kisukari ni ugonjwa wa mazungumzo yaliyokatika.

Tarehe 11 Januari 1922, huko Toronto, Leonard Thompson, mvulana wa miaka 14, alidungwa dondoo la kongosho lililotengenezwa na watafiti Banting na Best. Halikufaa sana. Siku chache baadaye alipewa lililosafishwa na mwenzao Collip, na sukari ikashuka. Tangu hapo mtoto mwenye kisukari aina ya 1 ana njia ya kuishi. Sina neno la kuupunguza ushindi huo.

Lakini tazameni tulichorudisha. Tulirudisha sauti moja, tena kwa mlango wa nyuma: insulini ya sindano huingia chini ya ngozi na kulifikia ini kwa kuzunguka, wakati ile ya kongosho huanzia huko, na karibu nusu yake hutumika hukohuko. Na alfa je? Katika kisukari aina ya 1, kinga ya mwili huua beta, alfa hubaki hai. Zimebaki bila jirani. Mtu akila, glukagoni hupanda wakati ilipaswa kutulia. Sukari ikishuka usiku, glukagoni ilipaswa kupanda na kumwokoa, lakini kwa wengi, miaka michache baada ya kuugua, haipandi. Mama anayeamka saa tisa usiku kumpima mwanawe kidole anafanya kazi ya seli ya alfa isiyosikia tena. Katika aina ya 2 nako glukagoni huzidi. Watafiti Roger Unger na Lelio Orci walilisema hili wazi mwaka 1975, na kwa muda mrefu waliosikiliza walikuwa wachache.

Kwetu kuna sura nyingine. Utafiti uliochapishwa mwaka 2025, uliowahusisha vijana wa Cameroon, Uganda na Afrika Kusini waliokuwa wanatibiwa kama wagonjwa wa aina ya 1, ulikuta wengi wao hawana zile kingamwili zinazoonyesha kwamba kinga imeshambulia visiwa. Nini basi kimezitosa beta zao? Huenda ni lishe duni ya utotoni, huenda ni jambo lingine. Hatuwezi kulijibu swali hilo kwa visiwa vya panya, wala kwa makongosho yaliyotolewa na wachangiaji viungo wa Marekani na Ulaya, ambayo ndiyo mengi yaliyokwisha kuchunguzwa duniani.

Huko mbele naona mambo mawili. La kwanza ni kupandikiza kisiwa badala ya homoni. Mwaka 2000, madaktari wa Edmonton nchini Canada waliripoti wagonjwa saba waliodungwa visiwa vya marehemu kwenye mshipa wa ini na kuacha insulini. Mwaka 2025 iliripotiwa kwamba kati ya wagonjwa 12 waliopewa dozi kamili ya visiwa vilivyokuzwa maabara kutokana na seli shina, 10 walikuwa hawatumii insulini baada ya mwaka mmoja. Zingatieni kwamba waliopandikiza hawakupandikiza beta tupu. Walipandikiza vishada vyenye majirani ndani yake. Gharama bado ni kubwa, na mgonjwa hulazimika kumeza dawa za kutuliza kinga ya mwili, kwa hiyo sitawadanganya kwamba itafika hospitali ya wilaya kesho.

La pili liko mikononi mwetu. Shirikisho la Kimataifa la Kisukari lilikadiria mwaka 2021 kwamba kanda yake ya Afrika ilikuwa na watu wazima milioni 24 wenye kisukari, na zaidi ya nusu hawakujijua. Wanafunzi mnaokwenda kusomea patholojia, nendeni mkayachunguze makongosho ya watu wetu, kwa ridhaa ya familia na kwa heshima ya marehemu. Wauguzi, mfundisheni kila anayeondoka kliniki na insulini au glibenclamide nini cha kufanya sukari ikishuka: akiwa na fahamu apewe maji ya sukari au soda ya kawaida, kisha chakula, akiwa amepoteza fahamu asitiwe kitu mdomoni, akimbizwe hospitali. Na ninyi viongozi mliopo hapa, kila zahanati inayogawa dawa hizo iwe pia na glukosi ya mshipani na mtu anayejua kuitumia usiku. Hilo halihitaji kusubiri seli shina.

 Nipo tayari kwa maswali, na naomba tuanze na wazazi wa watoto wenye kisukari.